Jezi Zilizonuka Kafuri

Mpira wa kwanza niliocheza Korogwe ulisimamishwa na refa kabla ya mapumziko, kwa sababu sisi wageni tulinuka maiti. Sichekeshi. Harufu ilitoka kwenye jezi zetu, na aliyezitunza jezi hizo alikuwa mama yangu mzazi. Kwa hiyo nitalieleza jambo hili tangu mwanzo, maana limesimuliwa ovyo Handeni na Korogwe na watu ambao hata uwanjani hawakuwapo.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Tulikaa Kabuku, kwenye kambi ya shamba la mkonge. Asubuhi nilikata mkonge kama vijana wengine, jioni nilikuwa winga wa kushoto. Nilikuwa na mbio, nilikuwa na maringo, na hasira zangu hazikukaa mbali. Mtu akinikanyaga mguu kwa bahati mbaya ilibidi anieleze mara mbili kwamba ni bahati mbaya. Mpira ndio uliokuwa chakula changu, na hata nilipokuwa nimeinama kwenye mkonge na miiba inanichoma, kichwani nilikuwa napiga kona.

Mama alikuwa dobi. Aliwafulia Wazungu wa shamba na makarani. Alikuwa mwanamke mkimya mwenye mikono mikubwa, na kitu alichokiogopa duniani hakikuwa njaa wala nyoka. Aliliogopa neno moja. Kwetu hasa ni Kwedizinga. Baba alifia huko kwa homa, na arobaini haijaisha ndugu zake wakaanza kunong'ona kwamba mke ndiye aliyemla. Hakuna aliyemwambia usoni. Waliacha tu kuja, wakaacha kunywa maji nyumbani kwetu, watoto wao wakaitwa wakionekana uani petu. Mama hakujitetea hata kwa neno moja. Alifunga mizigo, akanishika mkono, tukahamia kwa mjomba kambini. Tangu hapo ukitaja dawa mbele yake, hata ya kikohozi, alikuuliza dawa ya nini na umeipata wapi. Nilikua nikijua kwamba mama yangu alishafukuzwa mara moja, na kwamba hakuwa na mahali pa pili pa kwenda.

Sasa jezi. Kulikuwa na fundi mmoja Mzungu wa korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge. Alikuwa mkali kazini lakini jioni alikaa pembeni mwa uwanja wetu akitafuna kiko na kututukana kwa lugha yake tunapokosa goli. Alipomaliza mkataba na kurudi kwao alituachia sanduku la bati, na ndani yake seti nzima ya jezi walizozichezea yeye na wenzake ujanani. Nyekundu, zenye mistari myeupe na kola. Na zilikuwa za sufu! Hebu fikiria, sufu, Kabuku. Kulikuwa na sweta la golikipa pia, zito, lenye mikono mirefu, ambalo ukilivaa saa saba mchana ulikuwa umejipika mwenyewe. Hatukujali hata kidogo. Kabla ya siku ile tulicheza kifua wazi, na wenye bahati walivaa fulana zilizotoboka. Siku tuliyozivaa mara ya kwanza kambi nzima ilitoka kututazama, na mimi nilizunguka majumba yote ya kambi kwa kisingizio cha kumtafuta mtu.

Sanduku lenyewe Mzungu alimkabidhi mama, kwa kuwa ndiye aliyemfulia miaka yote. Akalifungua mbele yetu na kumwonesha vidonge vyeupe vya mviringo, vimefungwa kwenye vitambaa, vimewekwa juu ya nguo. Alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba sufu ni chakula cha nondo, na vidonge vile huwafukuza. Viwekwe juu siku zote, sanduku lifungwe, na visiachwe vikaisha. Kisha akampa mkono, akapanda gari, hatukumwona tena.

Dukani kwa Mhindi vidonge vile viliitwa naftalini. Kambini hakuna aliyejisumbua kulitamka neno hilo. Vilinuka karibu sawa na kafuri, basi tukaviita kafuri, tukamaliza. Na kafuri, kwetu, kila mtu anajua kazi yake: huwekwa kwa maiti akishaoshwa, kabla sanda haijafungwa. Lakini vile vilikuwa vya nguo, tena vimetoka kwa Mzungu, na nyumbani kwetu hatukuliwaza jambo hilo zaidi ya siku mbili.

Kilichomshangaza mama ni kwamba vilipungua. Alikuwa akifungua sanduku anakuta kidonge kilichokuwa na ukubwa wa jicho la mbuzi kimekuwa kama punje ya mahindi, kisha kama ya mtama, kisha kitambaa kimebaki na fundo lake halijafunguliwa na ndani hamna kitu. Hakuna maji, hakuna unga, hakuna jivu. Kwanza alinishuku mimi. Akanishuku kwa macho tu, wiki nzima, mpaka nikaapa. Halafu akawashuku panya, akatega mtego, akakamata panya mmoja mnene asiye na kosa. Mwisho akaamua kukaa na kufikiri. Akatoa jezi moja, akainusa. Akanusa kanga zake mbili za Idi alizozificha chini ya sanduku, zimefungwa kwenye gazeti. Akanusa gazeti. Akanusa pakiti ya majani ya chai iliyokaa juu ya kifuniko, nje kabisa. Vyote vilinuka kitu kilekile. Ndipo aliponiita.

"Hakipotei," akaniambia. "Kinatoka humu kwenye fundo, kinaingia humu kwenye nguo."

Alifurahi kama mtu aliyemkamata mwizi. Na mimi nilifurahi naye, ingawa chai ya asubuhi ile haikunyweka. Tukaanza kupima kwa pua zetu, mama na mwana, kama wendawazimu wawili. Tukagundua kwamba nguo za juu zilinuka kidogo na za chini zaidi, kana kwamba harufu ile ni nzito, inateremka badala ya kupanda. Tukagundua kwamba sufu hunywa harufu kuliko pamba, na nguo nene kuliko nyepesi. Sweta la golikipa, lililokuwa nene kuliko vyote na limekunjwa chini kabisa, lilikuwa limeshiba. Sabuni haikusaidia. Mama alizifua jezi kwa sabuni ya mche mpaka mikono ikamchubuka. Zikiwa majimaji ulidhani harufu imekwisha, lakini zikikauka na kupata joto hiyo imerudi. Kitu kilichoitoa ni jua na upepo tu, nguo zitundikwe kambani siku mbili tatu mfululizo. Ukifanya hivyo, ukazikung'uta, unaweza kukaa karibu na watu.

Basi kwa kawaida alizianika kabla ya kila mchezo, na mambo yakaenda vizuri. Pua zetu zilikuwa zimezoea vilevile, na hilo ni jambo la kulikumbuka. Anayekaa na harufu haisikii.

Mwaka ule masika yalikuja kwa nguvu. Uwanja wetu ukawa bwawa la vyura, mpira ukalala, sanduku likafungwa. Unyevu ukaleta wadudu, na mama hakukubali kuaibishwa na nondo. Akanunua vidonge vingi, akavitia juu, akavitia katikati, akatia kimoja katika kila mkono wa jezi. Viliyeyuka humo gizani muda wote ule mvua ilipokuwa ikipiga bati, na nguo zikanywa, zikanywa, hazina pa kupumulia.

Mvua haijakata sawasawa, tukapata salamu kutoka Korogwe. Timu ya huko, ya vijana wa mkonge na wa mjini waliochanganyika, ilitaka kucheza nasi Jumapili. Jamani! Sisi wa Kabuku, kualikwa Korogwe, kwenye uwanja wenye nyasi, karibu na stesheni, watu wakishuka treni wakuone! Sikulala. Nilipaka viatu vyangu mafuta ya nazi. Nahodha wetu, jitu moja la Kinyamwezi lenye sauti ndogo ya kike, alitusihi tule vizuri na tusigombane, na akanitazama mimi aliposema tusigombane. Salamu zenyewe zilikuja na utani, kama kawaida. Walituambia tuje na miguu, mizizi tuiache Handeni. Sifa hiyo ya uganga tumeibeba sisi Wazigua tangu mababu, na Msambaa akikutana na Mzigua lazima amtupie. Tulicheka. Mama hakucheka.

Siku hizo zilizobaki jua halikutoka hata mara moja. Mama alitazama mbingu, akatazama kamba, mwishowe akasema potelea mbali, zitapata upepo kwenye lori. Lakini kwenye lori kulinyunya, sanduku halikufunguliwa. Na yeye mwenyewe akapanda, mara ya kwanza maishani mwake kwenda kutazama mpira, eti kwa sababu hawezi kuwaachia wanaume sanduku. Nilijua alitaka kuniona nikicheza. Alikaa juu ya sanduku, kanga imefungwa kichwani, akashika ubao kwa mikono yote miwili. Tuliimba kutoka Kabuku hadi Segera, tukasimama Segera kununua ndizi, tukaimba tena hadi Korogwe. Mawingu yalianza kupasuka tulipofika mjini. Nilipoona nyasi za uwanja ule zimeoshwa na mvua, nilitaka kuruka kabla lori halijasimama.

Tukavaa. Kulikuwa na ubaridi bado, kila kitu kikawa shwari. Watu walijaa pande zote, wanawake wamekaa chini upande wa magharibi na mama akakaa miongoni mwao na sanduku lake. Refa, mwalimu mmoja wa shule mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, akapuliza filimbi.

Sitaficha, tulicheza! Mpira ulikuwa unateleza kwenye nyasi kama ulivyopenda mwenyewe. Beki wao wa kulia, ambaye ndiye aliyekuwa nahodha wao, Msambaa mrefu mwenye adabu, alinifuata kila nilipokwenda. Nikampita mara ya kwanza, akatabasamu. Nikampita mara ya pili, akaacha kutabasamu. Mara ya tatu nikaukata mpira ndani, senta wetu akaukuta na kichwa, goli. Niliruka juu ya migongo ya wenzangu, nikasikia lori letu zima linapiga kelele pembeni, nikaona kanga ya mama imesimama.

Wakati huohuo jua likatoka. Jua la baada ya mvua mnalijua, haliombi ruhusa. Tulikuwa tumeshakimbia, damu imechemka, jasho limelowesha sufu, na sasa jua likatuangukia mgongoni. Masika yote yaliyofungiwa katika sanduku lile yakaamka kwa pamoja. Mimi sikusikia kitu. Nilichokiona ni nyuso. Beki niliyekuwa nampita kwa shida kidogo sasa akanipisha. Nikapiga kona, wakarudi nyuma. Senta wetu akasogea kuchukua mpira kwa mtu wao, mtu wao akauacha. Kwa muda nilidhani wametuogopa kwa uwezo wetu, nikazidi kutamba kama mjinga. Kisha nahodha wao akasimama katikati ya uwanja, akaweka mkono puani, akamwita refa.

Refa akasimamisha mpira. Tukasogea wote. Nahodha wao hakupiga kelele, na kama angepiga kelele ningejua la kumfanya. Alizungumza polepole, macho mekundu.

"Mwalimu, mimi nimemwosha kaka yangu mwezi jana kwa mikono hii. Harufu hii naijua. Hawa wametuvalia maiti."

Refa akainusa jezi ya nahodha wetu, akasema hii si kitu, ni naftalini, dawa ya nondo, hata kwake nyumbani ipo. Mtu pembeni akasema hewala, mwalimu mwenyewe amekiri ni dawa. Neno likapokelewa, likaenda uwanja mzima kuliko mpira ulivyokwenda siku ile. Dawa, Handeni, dawa. Wengine walikuwa wakicheka, lakini wengi hawakuwa wakicheka. Ndipo mmoja wa wazee wao akauliza swali nililoliogopa kabla halijatoka kinywani mwake. Nguo hizi zinatunzwa na nani?

Macho ya timu yetu nzima yalikwenda upande wa magharibi, na macho ya watu wote yakayafuata. Niliwaona wale wanawake wanavyosogea. Hawakukimbia. Kila mmoja alivuta kanga yake, akavuta mtoto wake, akajisogeza kidogo, kisha kidogo tena, mpaka mama akabaki peke yake kwenye nyasi na sanduku la bati, na kuzunguka kwake pakabaki uwazi. Nilikuwa nimeuona uwazi ule utotoni, uani kwetu Kwedizinga.

Nilimrukia mtu wa kwanza aliyekuwa karibu. Sikumbuki ni nani, nafikiri alikuwa wa upande wetu. Nahodha wetu alinishika kiunoni akaninyanyua kama gunia, nikawa napiga hewa mateke. Na hapo, nikiwa juu juu, nikamwona mama anainuka. Nilidhani anakwenda kwenye lori. Moyo ulinishuka, maana nilijua akipanda lori lile hatarudi Kabuku, ataomba ashushwe njiani mahali asipojulikana. Akageuka, akaja uwanjani. Mwanamke wa Kizigua, mjane, anakanyaga uwanja wa mpira mbele ya Korogwe nzima! Alitembea kama anayepeleka nguo kwa mwenyewe.

Alimwamkia yule mzee aliyeuliza, akamwamkia mwalimu. Akafungua fundo la kanga, akatoa kidonge kimoja, akakiweka kwenye kiganja cha refa watu wakione. Akaeleza kilivyo: kinapungua chenyewe, kinaingia kwenye nguo, nguo ikipata joto inakitoa tena. Alieleza vizuri, na hakuna aliyesikiliza. Mtu akasema dawa zote zinauzwa siku hizi, hata za kuua. Basi mama akaacha kueleza. Akamgeukia nahodha wao.

"Mwanangu, pole kwa kaka yako. Unasema ushindi uko kwenye nguo. Basi hizo nguo vaeni nyinyi, na hawa wavae zenu. Wakishinda wenye nguo zangu, niiteni jina lolote mnalotaka."

Mimi ndani yangu nilipiga ukelele, maana nilielewa alichofanya. Ameliweka jina lake lote juu ya nyasi zile. Tukifungwa tukiwa na jezi zao, ni mchawi, mbele ya mashahidi, na habari itafika Kwedizinga kabla ya lori letu kufika Segera. Nilitaka kumziba mdomo. Alikuwa ameshamaliza kusema.

Upande wao wakagombana wao kwa wao. Wengine walisema wasiziguse hata kwa fimbo. Wengine walisema kama kweli zina nguvu, ujinga ni kuziacha. Golikipa wao, kijana mnene mwenye tamaa, ndiye aliyelitaka sweta mapema kuliko wote. Mwisho nahodha wao akanyoosha mkono kwangu. Nikavua jezi yangu, nikampa. Aliishika, akafumba macho, akasema bismillahi, akaivaa. Wenzake wakafuata. Sisi tukavaa zao, za pamba, za buluu, zimepauka, na nikaona aibu jinsi nilivyojisikia mwepesi.

Tukaenda mapumziko bado tukiongoza. Kipindi cha pili hakijakolea, wakapata kona. Nahodha wao akapanda, akaruka akiwa amevaa jezi yangu, akapiga kichwa. Goli. Moja moja.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Ilikuwa furaha na hofu pamoja. Mnaona, mnaona, inafanya kazi! Watu waliokuwa wamekaa walisimama, na niliposikia mwanamke mmoja akimwita mtoto wake arudi nyuma, aondoke karibu na yule mama, nilihisi machozi yananijia puani. Mama alikuwa amesimama mstarini palepale alipoachwa, mikono imeshika ncha za kanga. Alinitazama mimi tu. Nikakimbia baada ya hapo kama sijawahi kukimbia. Nikapoteza mipira kwa haraka, nikapiga nje, nikagongana na beki, nikaanguka, nikainuka. Hakuna kilichonyooka. Jua lilizidi, na dakika zilikuwa zinakimbia kuliko mimi.

Lakini kuna kitu kikaanza. Beki wao mmoja akasimama kufikicha macho. Senta wao akatema mate, akaivuta kola mbali na shingo. Sisi tulikuwa tumeizoea harufu ile siku nyingi, wao waliingia humo ghafla, na joto ndani. Nahodha wao alikuwa anapumulia mdomoni. Na golini kwao, yule kijana mnene ndani ya sweta la sufu lililolala chini kabisa ya sanduku, likanyweshwa masika mazima, alikuwa amepiga chafya mara moja. Watu wa karibu walimcheka. Akapiga tena.

Nikapata mpira pembeni. Nilikuwa nimechoka mno, hata sikumpita mtu, nilipata tu mwanya nikapiga. Niseme ukweli, lilikuwa shuti la kitoto. Lilitambaa. Golikipa alikuwa na muda wa kulingoja, kuliamkia na kuliuliza habari za nyumbani. Akainama kulidaka. Alipoinama kola ikampanda usoni. Nikamwona anafumba macho, mdomo unafunguka, mikono miwili inakwenda puani yenyewe bila yeye kuiamuru, na chafya ikatoka ambayo naamini waliisikia stesheni. Mpira ukapita katikati ya miguu yake taratibu, ukaingia golini, ukasimama.

Golikipa akapiga chafya nyingine. Akajaribu kusimama, akapiga nyingine, akakaa chini. Aliyeanza kucheka alikuwa nahodha wao. Alicheka akiwa ameshika magoti, machozi yanamtoka, sijui kama ni ya naftalini au ya kaka yake, na kicheko kikamshika refa, kikavuka mstari, kikazunguka uwanja. Wazee walicheka mpaka kofia zikaanguka. Mtu mmoja akauliza kwa sauti ni uchawi gani huu unaompiga chafya aliyeuvaa, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuogopa tena. Huwezi kumwogopa mchawi wa chafya. Refa alimaliza mchezo akiwa hawezi kupuliza filimbi sawasawa. Mbili moja. Wenzangu walinibeba kwa shuti baya kuliko yote niliyowahi kupiga, na nililia juu ya mabega yao bila kujificha.

Waliponishusha nilimtafuta mama. Alikuwa anapokea jezi moja moja, anazikunja, uso hauna kitu. Mwanamke mzee alikuwa anakuja kwake akivuka ule uwazi, peke yake, taratibu, na niliona nahodha wao anamfuata nyuma. Alikuwa mama yake. Nilisogea karibu haraka, hasira zangu tayari mkononi, sijui ningefanya nini kwa mwanamke mzee.

Hakuomba radhi, wala mama hakuonesha kungoja radhi. Alikaa chini kando ya sanduku, akanyoosha miguu, akasema habari ya mtoto wake aliyekufa. Kwamba ameacha koti. Koti la sufu, alilinunua mwenyewe, akilivaa kwenda mjini. Yeye amelitundika ukutani, hana nguvu ya kumpa mtu, na wadudu wameanza kulila begani. Kila asubuhi anakuta tundu jipya.

"Njoo nyumbani kwangu," akamwambia mama. "Uniwekee vidonge kwa mkono wako."

Mama aliacha kukunja. Alibaki na jezi mapajani, na yule mwanamke mzee akamshika mkono akauweka kwenye goti lake, wakakaa hivyo. Kisha wakainuka wakaenda pamoja, nyumba haikuwa mbali, ng'ambo ya reli. Mimi na nahodha wao tuliwafuata tumebeba sanduku. Mlangoni mama alivua viatu, akaingia ndani kabisa, kwenye chumba cha marehemu, na pazia likarudi mahali pake.

Lori lilikuja mpaka barabarani. Vijana walikuwa wanaimba, dereva akapiga honi, akapiga tena, akachungulia kuniuliza mama yuko wapi, giza linaingia na njia ya Segera ni mbaya. Nilisikia sauti mbili za wanawake zikizungumza nyuma ya pazia, moja ikicheka kidogo. Nikamwambia dereva asubiri.